Mvua isiyolowesha: muoni za angani na kontena la chai ya Kericho

Mzee mmoja wa Bomet, mkulima mdogo wa chai, aliniuliza swali mwaka jana tukiwa kwenye kituo cha kupimia majani. "Wewe ni wa Mombasa," alisema. "Ile mashine yenu ya bandarini inayomulika kontena, haiharibu chai yetu? Kijana wangu anasema inapiga mionzi."

Ni swali la haki. Kwake yeye chai ndiyo karo ya watoto, ndiyo dawa, ndiyo mbolea ya msimu ujao. Kutoka Litein na Kapkatet upande wa Kericho, hadi Mogogosiek na Kapkoros upande wa Bomet, majani yanayochumwa asubuhi hupelekwa kiwandani, hukaushwa, hutiwa kwenye magunia ya karatasi, kisha hushuka kwa lori hadi maghala yetu ya Shimanzi na Changamwe. Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, na tangu hapo bei ya jani la kule juu husemwa huku chini. Kwa hivyo habari ya skana si yao peke yao. Sisi ndio tuliokaa mlangoni.

Jibu la swali la mzee ni fupi. Eksirei ya skana hupita ndani ya mzigo na kwisha hapo hapo, mfano wa mwanga wa tochi ukizimwa. Haibaki kwenye chai, wala chai haigeuki kuwa kitu chenye mionzi. Anayefaa kukaa mbali wakati mashine ikifanya kazi ni binadamu, ndiyo maana skana nyingi za aina hii zina utaratibu wa dereva na taniboi wake kushuka kabla ya lori kupigwa picha.

Lakini nilimwongezea jambo moja, akacheka akidhani namfanyia mzaha. Nilimwambia kwamba pale pale tulipokuwa tumesimama, yeye, mimi na kikapu chake cha majani, tulikuwa tukipenywa na chembe zinazopita vitu vizito kuliko eksirei yoyote ya bandarini, na kwamba zinatoka mbinguni usiku na mchana bila kukatika. Kuna watu wamejifunza kuzitumia chembe hizo kupiga picha ya vitu vilivyofichwa ndani ya mawe, ndani ya chuma, na ndani ya kontena. Mimi nina diploma ya mambo ya forodha na usafirishaji, si ya fizikia, lakini habari hii inagusa kazi niliyosomea, nikaifuatilia.

Watu wa Kericho wanaijua mvua ya mawe kuliko sisi. Huku pwani mtu aweza kufa mzee bila kuiona. Kule, wingu likigeuka rangi alasiri, wakulima hutazamana. Basi tuseme kuna mvua nyingine ya mawe, ya mawe madogo mno. Kutoka mbali sana angani, nje kabisa ya jua letu, huja chembe zenye nguvu nyingi, nyingi zake protoni. Zikiifikia hewa ya juu, kiasi cha kilomita 15 juu ya vichwa vyetu, hugonga atomu za hewa na kuzivunja. Kutokana na vipande hivyo huzaliwa chembe iitwayo muoni. (Ukiliandika hivyo kwa Kiswahili, jina linasikika kama la mwenye kuona. Ni sadfa tu, maana asili yake ni herufi ya Kigiriki, lakini limetufaa.)

Muoni ni mfano wa elektroni, ila ina uzito mara 207 hivi. Uzito huo ndio siri yake. Elektroni ikiingia ndani ya kitu huyumbishwa na kumaliza nguvu upesi. Muoni hupita moja kwa moja kama lori lenye shehena kwenye barabara ya vumbi. Hupenya paa la nyumba, ghorofa kumi za saruji, na zile zenye nguvu zaidi hupenya mamia ya mita za mwamba. Usawa wa bahari, kama pale Kilindini, kila mita moja ya mraba hupitiwa na muoni kama 10,000 kwa dakika. Kiganja chako ukikikunjua hupitiwa na moja hivi kila sekunde. Hazidhuru kwa kiasi hicho. Ni sehemu ya mionzi ya kawaida ya dunia ambayo binadamu ameishi nayo tangu awepo. Wenzetu wa Kwale walio karibu na Mlima Mrima wanajua kuwa ardhi nayo ina mionzi yake. Hii ni ya juu, ile ni ya chini.

Jambo la ajabu ni kwamba muoni huishi muda mfupi mno, sehemu mbili za milioni za sekunde, kisha huvunjika. Kwa hesabu ya kawaida ingekwenda mita mia sita na kitu tu, isiifikie ardhi. Inafika kwa sababu inakwenda karibu na kasi ya mwanga, na kitu kiendacho kasi hiyo, kama alivyoonyesha Einstein, saa yake huenda polepole tukiitazama sisi tuliosimama. Nayo ikifika, hufika kwa wingi zaidi mahali palipoinuka, maana hewa ya kuizuia ni kidogo. Kericho iko kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mchuma chai wa kule anapata mvua hii zaidi ya mpakuzi wa Shimanzi.

Mtu asidhani haya ni mambo ya Ulaya na Marekani peke yake. Moja ya kazi kubwa za mwanzo ilifanyika upande wetu huu wa Afrika, kwenye nyanda za juu zinazofanana na Kericho kwa kimo. Mwaka 1933 Mwitaliano aitwaye Bruno Rossi alichukua vifaa vyake hadi Asmara, Eritrea, wakati huo koloni la Italia, mji ulio zaidi ya mita 2,300 juu. Alipachagua kwa sababu mbili: kimo, na kuwa karibu na ikweta, ambako usumaku wa dunia huzipinda zaidi chembe zijazo kutoka angani. Aliweka vihesabio vyake kuelekea magharibi, kisha mashariki, akalinganisha. Kutoka magharibi zilikuja nyingi zaidi. Maana yake ni kwamba chembe zinazoanzisha mvua hii, kwa wingi wake, zina chaji chanya. Pale pale Asmara aligundua pia kwamba vihesabio vilivyowekwa mbalimbali vilikuwa vikilia kwa pamoja mara nyingi kuliko bahati, kana kwamba chembe zinaanguka kwa makundi. Ndivyo zinavyoanguka.

Rossi huyo huyo ndiye aliyekuwa ameonyesha, muda mfupi kabla ya safari hiyo, kwamba baadhi ya chembe hizi hupenya risasi yenye unene wa mita moja. Nasema risasi ile metali, wanayofanyia chubwi wavuvi wetu. Mita moja! Eksirei ya hospitali huzuiliwa na milimita chache tu.

Sasa picha hupatikanaje? Kuna njia mbili, na ni vizuri kuzitenganisha.

Ya kwanza ni ya kuhesabu zilizofika. Weka kifaa upande mmoja wa kitu kikubwa, uhesabu muoni zinazotokea kila upande. Palipo na mwamba mzito zitafika chache. Palipo na uwazi zitafika nyingi. Ni kama kukaa chini ya paa la makuti ukajua penye tundu kwa kuona mwanga unapopenya. Aliyeipa njia hii sifa ni Mmarekani Luis Alvarez, ambaye mwaka ule ule wa 1933, akiwa kijana, alikuwa Mexico City akipima jambo lile lile la magharibi na mashariki, na matokeo yao yakatangulia kutangazwa kabla ya yale ya Rossi. Miaka ya sitini, pamoja na wataalamu wa Misri, aliweka vifaa ndani ya chumba kilicho chini ya piramidi la Khafre kule Giza, akitafuta vyumba vya siri. Vita vya 1967 vikaingilia kati, kazi ikasimama, ikaendelea. Mwaka 1970 walitangaza kwamba katika sehemu waliyoipima hapakuwa na chumba. Wengine wataona hayo ni hasara. Mimi naona kwamba kuweza kusema "hapana kitu" kuhusu mlima wa mawe bila kutoa hata jiwe moja ni kazi kubwa.

Mwaka 2017 njia hiyo ilirudi Giza, safari hii kwenye piramidi kubwa la Khufu, kwa vifaa vya timu za Japani na Ufaransa vya aina tatu tofauti. Vyote vitatu vilionyesha uwazi wenye urefu wa mita 30 au zaidi juu ya ile njia kuu ya ndani. Na mwaka 2015 Wajapani waliitumia kwenye mtambo wa nyuklia wa Fukushima ulioharibika mwaka 2011, mahali ambapo mtu hawezi kuingia akatoka salama. Muoni zilipita ndani ya jengo la mtambo namba moja, na picha ikaonyesha kwamba fueli haikuwa tena mahali pake. Ilikuwa imeyeyuka na kushuka.

Njia hiyo ni ya vitu vikubwa, na ya subira: siku, wiki, hata miezi. Haifai kwa lori lililo kwenye foleni.

Njia ya pili ndiyo inayotuhusu. Muoni ikipita karibu na kiini cha atomu, husukumwa pembeni kidogo, njia yake ikapinda. Kiini kikiwa kizito, chenye chaji nyingi, msukumo ni mkubwa. Hapa Kiswahili kinanicheka, maana nataka kusema kwamba mashine hupima pembe, nami nitazungumzia pembe za ndovu hivi punde. Basi ya hesabu nitaiita mpindo. Kwa muoni yenye nguvu ya wastani, sentimita 10 za maji huipinda kidogo sana. Unene ule ule wa risasi huipinda karibu mara tisa zaidi, kiasi cha digrii moja. Urani huipinda zaidi ya hapo. Ukiweka tabaka za mirija ya gesi juu ya kontena na tabaka nyingine chini yake, utajua kila muoni iliingia kwa mstari gani na ikatoka kwa mstari gani. Palipo na mipindo mikubwa, chora alama. Baada ya alama elfu kadhaa picha hujitokeza.

Hesabu inatosha kwa kazi ya bandari. Paa la kontena la futi 20 lina mita za mraba 14 hivi. Kwa muoni 10,000 kwa kila mita, ni kama 140,000 kwa dakika moja, bure, bila stima ya kuzizalisha. Wataalamu wa maabara ya Los Alamos, Marekani, walieleza njia hii mwaka 2003, na mwaka 2012 mashine ya kwanza ya kibiashara ya aina hiyo iliwekwa kwenye bandari ya Freeport, visiwa vya Bahamas. Haitoi mionzi yake yenyewe. Dereva anaweza kukaa kitini akinywa chai, kwa sababu muoni zinazotumika ni zile zile ambazo zingempitia hata angekuwa amelala kwake Miritini.

Na faida kubwa zaidi iko kwenye vitu vilivyofunikwa. Tuseme mtu anasafirisha kitu chenye mionzi hatari bila kibali. Ataking'amua kuwa bandari zina vifaa vya kunusa mionzi, kwa hivyo atakifunga ndani ya sanduku la risasi. Kifaa cha kunusa hakitasikia kitu. Eksirei ikigonga risasi hiyo itaonyesha doa jeusi, na ofisa atabaki kukisia. Muoni hupita ndani ya risasi, na kadiri risasi ilivyo nene ndivyo zinavyopindika zaidi. Kinga yenyewe ndiyo inayomtaja mwenye kujikinga.

Kontena la chai kwa kazi hii ni zuri kuliko mengi. Jani la chai ni kaboni, oksijeni na haidrojeni, atomu nyepesi zote. Muoni hupita ndani yake karibu bila kuguswa. Chochote kizito kilichochomekwa katikati ya magunia kitaonekana kama jiwe kwenye pishi la mchele. Kontena la vyuma chakavu ni shida kubwa zaidi, maana kila kitu ndani yake kinapinda.

Hapa ndipo inabidi niseme habari ya mwaka 2015, ambayo wengi wetu hatupendi kuikumbuka. Mwezi wa Aprili mwaka huo, forodha ya Thailand ilikamata kwenye bandari ya Laem Chabang vipande 511 vya pembe za ndovu, zaidi ya tani tatu, ndani ya mzigo uliotoka Mombasa ukiwa umeandikwa majani ya chai, safari yake ikielekea Laos. Haukupita mwezi, Mei, Singapore nayo ikakamata tani 3.7 za pembe zilizochanganywa na magunia ya chai kutoka Kenya, zikielekea Vietnam. Humo humo mlikuwa na pembe za kifaru na meno ya wanyama wakali. Baadaye watu walifikishwa mahakamani hapa Mombasa.

Sisemi kwamba chai ile ilitoka Kericho au Bomet. Lakini mnunuzi wa mbali hatofautishi kilima na kilima. Kwake ni chai ya Kenya, na neno "chai ya Kenya" lilikuwa limeandikwa juu ya ndovu waliouawa. Wakulima wadogo zaidi ya 600,000 wa nchi hii wanauza kwa jina hilo moja. Mzee wa Bomet aliogopa kwamba mashine yetu itaharibu chai yake. Kilichoiharibia jina ni mizigo iliyopita bila kuonwa.

Je, muoni zingezikamata pembe zile? Hapa nataka kuwa mwangalifu, kwa sababu nimeona watu wakizisifu mashine mpya kama hirizi. Pembe ya ndovu si risasi. Ni jino, lina kalisi na fosforasi, atomu zilizo katikati, si nyepesi sana wala si nzito. Ni nzito mara nne au zaidi ya chai ya ujazo ule ule, kwa hivyo muoni zingeonyesha tofauti, lakini kwa kusubiri muda mrefu zaidi kuliko kwa risasi. Na ukweli ni kwamba eksirei ya kawaida huiona pembe ndani ya chai bila tabu: umbo lake limepinda, lina ncha, halifanani hata kidogo na gunia la karatasi. Skana za mizigo zilikuwapo bandarini Mombasa miaka kabla ya 2015. Kwa pembe, tatizo halikuwa nguvu ya jicho. Kontena lisilopelekwa kwenye mashine halionwi na eksirei wala na muoni, na picha isiyotazamwa ni sawa na picha isiyopigwa.

Kwa hivyo mtu akija kutuuzia skana ya muoni kwa sababu ya pembe za ndovu, nitamwambia asubiri. Akija kwa sababu ya masanduku ya risasi na vitu vinavyofichwa ndani yake, nitamkaribisha tuzungumze, kisha nimwulize mambo mawili. La kwanza ni muda: wenye mashine hizi husema mzigo usio na shaka hupita kwa dakika moja hivi, lakini wenye shaka hukaa zaidi, na kila anayefanya kazi Kilindini anajua dakika tano mara malori mia mbili ni foleni ya wapi hadi wapi. La pili ni nani atakayeitazama picha, na nani atakayemtazama huyo mtazamaji.

Kitu kimoja ningependa kukiona kabla ya mashine kubwa yoyote, nacho si ghali. Siku hizi wanafunzi wa vyuo duniani hutengeneza kihesabio kidogo cha muoni kwa kipande cha plastiki maalumu na vifaa vya umeme, kwa kiasi cha dola 100. Chuo Kikuu cha Kabianga kiko pale pale Kericho, katikati ya chai. Wanafunzi wawili wakae na kihesabio hicho kwenye kibanda cha lori la chai, wahesabu saa nzima kiwandani kabla ya kuondoka, saa nzima Nakuru, saa nzima Mtito Andei, na saa nzima Changamwe lori likisubiri kushusha. Hesabu itapungua kadiri lori linavyoteremka kuja baharini. Wakimaliza, wapande juu ya magunia waweke kihesabio chini ya shehena, wahesabu tena, waone ni muoni ngapi ambazo chai imeweza kuzizuia. Watakuta ni chache mno.